Gundi Inayofunguka

Katika kinanda cha usharika wetu kulikuwa na bomba moja ambalo kwa miaka miwili halikutoa sauti, na kwa muda wote huo mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu. Nimeombwa kuandika juu ya imani na kazi ya mikono. Nilidhani nitaandika juu ya Bezaleli, yule aliyejazwa Roho ili achonge mbao na kufua dhahabu ya hema ya kukutania, kama tufanyavyo sisi mafundi kila tunapopewa nafasi ya kusema kanisani. Lakini kila nikishika kalamu linanijia bomba lile. Basi nitaandika juu yake, na msomaji anivumilie nikianzia mbali.

Mimi ni seremala. Natengeneza milango, vitanda, madawati ya shule na majeneza, na karakana yangu iko hapa Dodoma mjini. Kazi ya vinanda sikuisomea. Kinanda chetu kilitufikia ndani ya kontena, zawadi ya usharika rafiki wa Ujerumani. Watu wakisikia kinanda cha mabomba hufikiria vile vikubwa vya Ulaya vinavyojaza ukuta mzima, au kile cha Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja, kilichotengenezwa na kampuni ya Henry Willis ya London. Chetu ni kidogo. Kina kimo cha mtu mzima, kina vibonyezo 54 na safu tatu za mabomba, jumla 162. Safu moja ni ya madini laini, mchanganyiko wa stani na risasi. Safu mbili ni za mbao, na mabomba yake ni kama visanduku vyembamba vya pembe nne.

Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona namna bomba linavyosema, kwa hiyo nieleze. Upepo kutoka kwenye mvukuto unaingia kwa chini, unapita katika mwanya mwembamba kuliko ukucha, unatoka kama kitambaa cha hewa na kugonga mdomo wa juu wa bomba. Hapo hewa inayumba nje na ndani, mara mia au mara elfu kwa sekunde, na urefu wa bomba ndio unaoamua itakuwa noti gani. Bomba lililo wazi juu, lenye urefu wa mita 2.4 hivi, hutoa ile do nzito ya chini kabisa. Ukiliziba juu kwa kizibo, nusu ya urefu huo inatosha kwa noti ileile. Hakuna uchawi. Mfua vyuma wa kijijini mwenye mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi angeelewa kinanda chote kwa nusu saa.

Fundi aliyekuja kukifunga alikuwa mzee mstaafu, mpole, mwenye kikohozi. Alikaa kwetu wiki mbili, akala ugali wa uwele na mlenda bila kulalamika, na aliponiona nashika randa akanifanya mwanafunzi wake. Alipoondoka aliniachia sufuria ndogo ya kuchemshia gundi, na sharti moja: nisifanye ndani ya kinanda kile jambo lolote ambalo atakayekuja baada yangu hataweza kulifungua.

Sufuria na sharti vinakwenda pamoja. Mafundi wa vinanda wa zamani hawakuwa na hii gundi nyeupe ya dukani. Walitumia gundi ya ngozi: vipande vya ngozi hulowekwa, hupashwa moto wa polepole usiofikia kuchemka, kisha huchujwa. Inanuka. Mke wangu aliitoa nje ya uzio siku ya kwanza. Lakini ikishakauka inashika kwa miaka mia na zaidi, na bado mtu mwenye maji ya moto na subira anaweza kuilegeza, akaona ulichofanya, akarekebisha pale ulipokosea. Gundi nyeupe ikishazama katika nyuzi za mbao haikubali kirahisi namna hiyo. Ukiilazimisha, mbao ndiyo inayopasuka.

Sasa hali ya hewa yetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, ambayo kwa mwaka wa kawaida hufika milimita 550 au 600 hivi. Jina lenyewe la mji, wazee wanasimulia, linatokana na neno la Kigogo la kudidimia, kwa sababu ya tembo aliyezama kwenye tope. Mtu akisimama hapa mwezi wa Oktoba atajiuliza tope hilo lilikuwa wapi. Kuanzia Mei upepo unavuma, vumbi linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa, na mbao inakauka hadi inalia usiku. Tena joto likipanda, sauti ya mabomba nayo hupanda. Kwa nyuzi 10 za ongezeko, kinanda chote husogea karibu theluthi moja ya nusu-toni. Kwaya hailioni hilo kwa sababu mabomba hupanda pamoja. Anayeliona ni mpiga gitaa, na hunung'unika.

Mwaka wa tatu kiangazi kilikuwa kikali, na mvua zilizofuata zikakatika mwezi wa pili, uwele ukakauka ukiwa magotini. Mabomba 11 yalinyamaza. Ngozi ya mvukuto ilipasuka kwenye mikunjo, ikawa upepo unavuja kwa mluzi katikati ya maombi. Baraza la wazee lilikaa.

Vijana walitaka kinunuliwe kinanda cha umeme, ambacho kina sauti mia na ngoma zake ndani. Mhazini alitaka tusubiri, tuwaandikie wenzetu Ujerumani walete fundi. Kisha akasimama mama mmoja wa kikundi cha wanawake, aliyekuwa akipika uji wa watoto nyuma ya kanisa tangu mwezi wa tatu, akasema kuna nyumba saba anazozijua ambazo jana hazikuwasha moto, na sisi tumekaa kujadili filimbi. Mzee mmoja akamjibu kwa habari ya Mariamu wa Bethania na marhamu ya nardo, na nani aliyelalamika kwamba ingeuzwa wapewe maskini.

Nitasema hapa nilichoshindwa kusema siku ile. Andiko hilo limetumika vibaya sana katika mabaraza yetu. Yohana anaeleza wazi kwamba Yuda alisema vile kwa sababu alikuwa mwizi wa mfuko. Mama huyu mfuko aliokuwa nao ulikuwa wake, nao ulikuwa umekwisha. Kumjibu kwa jina la Yuda ni kumdhulumu. Ashukuriwe Mungu, mchungaji alilikata shauri kwa upande wake: fedha zilizokusanywa kwa ajili ya kinanda zikanunua mahindi, na kinanda akaachiwa seremala akitengeneze kwa jioni zake, bila malipo. Nilikubali kwa moyo. Nakiri pia kwamba nilikubali kwa kupenda sifa.

Sijawahi kuamini kwamba Mungu ana haja na kinanda. Chombo hiki hakikuzaliwa kanisani. Kilibuniwa Misri, katika mji wa Aleksandria, karne ya tatu kabla ya Kristo, na fundi aliyeitwa Ktesibios, aliyetumia uzito wa maji kusukuma hewa. Warumi walikipiga kwenye viwanja vya michezo na mapigano. Karne nyingi zikapita kabla Wakristo wa magharibi hawajakikaribisha ibadani, na walipokizoea wakaanza kugombana juu yake: wakati wa Matengenezo kule Zürich, chini ya Zwingli, vinanda vilinyamazishwa na kuondolewa, huku Walutheri wakiendelea kupiga vyao, na mwaka 1644 Bunge la Uingereza liliamuru vitolewe makanisani. Kwa hiyo anayeniambia kinanda ni kitu cha Wazungu namkumbusha Aleksandria, na anayeniambia ni kitu kitakatifu namkumbusha viwanja vya Warumi.

Kama si kitakatifu, ninawiwa nini nacho? Nilijiuliza hivyo jioni nyingi nikiwa nimelala chali chini yake na taa mkononi. Jibu nililopata lilikuwa dogo: kinanda chenyewe hakinidai, ila nimesimama kati ya watu wawili. Yuko aliyekitengeneza na kukitoa, ambaye simwoni. Yuko atakayekifungua baada yangu, ambaye naye simwoni. Kazi yangu ni kutomdanganya huyu wa pili.

Mvukuto niliuweza. Nilipata ngozi laini za mbuzi, ambazo katika mkoa huu wa wafugaji si tatizo, nikabandua za zamani kwa maji ya moto, nikabandika mpya. Mabomba kumi kati ya yale kumi na moja yakarudi. Mengine yalikuwa na vumbi tu kwenye mwanya, na nyuzi ya buibui. Likabaki moja, bomba la mbao la safu ya nyuma, lililozibwa, lenye urefu wa ndani wa sentimita 66 hivi. Ukilipa upepo lilikohoa kwanza, kisha likatamka kwa kusitasita, na siku nyingine halikutamka kabisa.

Mzee wangu alikuwa amenifundisha utaratibu: safisha mwanya, kagua kizibo, kagua nyufa, pima upepo. Mdomo usiuguse. Ukikata mdomo wa juu, hata kwa unene wa karatasi, huwezi kuurudisha. Ukiuinua kupita kiasi, kile kitambaa cha hewa kinakosa cha kugonga na bomba linakuwa bubu. Nilikuwa najua haya yote. Lakini ilikuwa Ijumaa, Jumapili ile askofu alikuwa anakuja kwa kipaimara, na nilikwisha kuwaambia watu kwamba mabomba yote yatakuwa tayari. Nikachukua patasi nikainua mdomo milimita moja. Sauti ikaja kidogo, nikafurahi. Nikaongeza nyingine. Sauti ikafifia. Nikaongeza tena, kama mchezaji kamari anayetafuta kurudisha alichopoteza. Upande wa nyuma nikaona ufa mwembamba, nikaujaza gundi nyeupe nikaubana kwa jiriwa, kwa sababu ya ngozi ingenichukua hadi asubuhi.

Saa nne usiku ndipo nilipochomoa kizibo. Ngozi yake ilikuwa imekauka na kujikunja, na hewa yote ilikuwa inavujia hapo. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Bomba lile halikuwa na kosa lolote mdomoni mpaka nilipoligusa mimi.

Jumapili kinanda kilipigwa na hakuna aliyejua. Noti ile ilikuwepo kwenye safu nyingine mbili, kwa hiyo pengo halikusikika. Baada ya ibada mhazini aliniuliza, bila ubaya wowote, "Fundi, yote kumi na moja?" Nikamjibu, "Kumi, Mzee. Moja kiangazi kimelimaliza. Mbao hizi hazistahimili hali ya hewa yetu." Akatikisa kichwa kwa huruma. Nani Dodoma asiyejua kiangazi?

Nilijitetea ndani yangu kwa hoja ambazo nadhani kila msomaji anazifahamu. Hakuna aliyeumia. Nilifanya kazi bure. Nikisema ukweli nitawavunja moyo watu ambao ndio kwanza wameanza kuamini kwamba tunaweza kujitengenezea vitu vyetu. Hii ya mwisho ndiyo iliyonituliza zaidi, kwa sababu ilifanana na upendo.

Miezi michache ikapita, kisha nikaona uongo wangu unaanza kufanya kazi bila mimi. Barua iliandikwa Ujerumani kueleza kwamba mabomba ya mbao hayafai Dodoma, na kuomba bei ya bomba la madini la kujazia pengo. Baraza likatenga fedha. Kisha kijana ninayemfundisha kazi karakanani, mwenye sikio zuri kuliko langu, akaja na wazo. Alikuwa amepima mabomba yote ya mbao na kuyachora kwenye daftari, akataka tujaribu kutengeneza moja kwa mninga. Wazo halikuwa la kitoto. Bomba la mbao ni mbao nne, kipande cha chini, kifuniko na kizibo. Na mninga unasifika kwa seremala yeyote wa nchi hii kwa jambo moja: ukikauka haujipindi wala haunywei kama mbao nyingine. Paini ya Ulaya haiufikii. Kijana alipeleka wazo lake barazani, nikiwa nimekaa pale. Mhazini akamwambia kwa upole, "Mwanangu, fundi wako mwenyewe ametuambia mbao hazistahimili hapa." Kijana akanitazama. Mimi nikatazama meza.

Katika Katekisimo Ndogo ya Luther tuliyokariri utotoni, amri ya kutomshuhudia jirani uongo ni ya nane. Siku zote nilidhani inahusu mahakama na umbea. Usiku ule nilijiuliza kama mtu anaweza kuishuhudia uongo mbao, au kuushuhudia uongo msimu wa mwaka. Mti wa mninga hauna heshima ya kupotea. Kiangazi hakina jina la kuchafuliwa. Mwanafalsafa atasema hakuna aliyekosewa. Lakini nilichosema juu ya mbao kilimfikia kijana, na nilichosema juu ya kiangazi kilimfikia kila mtu aliyezaliwa katika nchi hii kavu na ambaye tangu utoto ameambiwa kwamba kwao hakuwezekani kitu. Niliongeza sauti yangu kwenye sauti hizo. Nilifanya hivyo mimi, mtoto wa hapa, ili kuficha milimita tatu za patasi.

Na ukame umebebeshwa mengi katika nchi ya Ugogo. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake juu ya Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920. Sisi watoto tulisikia kwamba mvua iligoma, basi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojifunza yaliyotangulia. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita hapa, Waingereza wakaingia Dodoma mwaka 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, hata mashamba yakakosa wa kuyalima. Kisha mvua ikakosekana, na watu hawakuwa na akiba wala mifugo ya kubadilishia chakula. Katika watu wapatao 150,000 inakadiriwa kwamba 30,000 walikufa. Ukame ulikuwepo kweli. Lakini kabla ya ukame ilikuwepo mikono.

Katika miaka hiyohiyo, jambo ambalo mzee wa Ujerumani alinisimulia tukiwa tunafunga mabomba ya mbele, serikali ya Ujerumani iliamuru mabomba ya stani yaliyopamba sura za vinanda yang'olewe kwa ajili ya vita. Ilikuwa 1917. Makanisa mengi yalibaki na vinanda vyenye mapengo kama vinywa visivyo na meno. Alinisimulia kama huzuni ya kwao, nami sikumwambia habari za Mtunya, kwa kuwa alikuwa mgeni na ugali ulikuwa mezani. Nafikiri sasa ningemwambia. Vita vilevile vilichukua mabomba yao na ng'ombe wetu. Silinganishi stani na uhai wa watu. Nasema tu kwamba kwao hakuna aliyesema hali ya hewa ndiyo iliyong'oa mabomba.

Hapo nilijiona nimefanya kwa kadiri yangu ndogo kile nilichokichukia katika masimulizi ya Mtunya: nimeweka jina la kiangazi mahali pa jina la mkono.

Nilirudi kwenye lile sharti la gundi, na nikaona nilikuwa nimelielewa kwa nusu. Nilidhani ni sharti la mbao. Uongo nao ni gundi isiyofunguka. Mtu akikosea na kusema ukweli, anayekuja baadaye anaweza kufungua, akaona patasi ilipita wapi, akajua cha kufanya. Akikosea na kudanganya, anayekuja baadaye anarekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Baraza letu lilikuwa linatafuta dawa ya hali ya hewa, wakati mgonjwa alikuwa seremala.

Bibi yangu huyohuyo alikuwa mpigaji wa muheme. Wasiojua, hiyo ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, hubanwa mapajani na kupigwa kwa mikono, na ukiisikia kwa mbali unajua ni akina mama hata kama huwaoni. Alipobatizwa aliambiwa aiache, nayo akaiacha. Alikufa bila kuishika tena, ingawa vidole vyake vilikuwa vikigonga meza akiwaza. Siku hizi muheme inapigwa kanisani Jumapili, na maaskofu wanaipokea kwa furaha. Simhukumu aliyemkataza. Huenda aliona katika ngoma zile mambo ya jando na unyago ambayo hakuyaelewa, akaogopa. Lakini kama angesema, "Hivi ndivyo ninavyoelewa leo, wengine watakuja watazame tena," bibi yangu angeishi akisubiri. Aliambiwa kwamba Mungu hapendi, na hapo hakuachiwa mahali pa kupitishia maji ya moto.

Mchungaji mmoja niliyemweleza mawazo haya alinipinga, na pingamizi lake ni zito. Alisema imani yenyewe si kitu cha kufunguliwa kila kizazi. Ubatizo haufunguki, kiapo cha ndoa hakifunguki. Kama kila kitu tumekibandika kwa namna ya kubanduliwa, si tutabaki na rundo la mbao? Sikuwa na jibu la kitheolojia. Nilimjibu kwa ninachokijua: gundi ya ngozi haishiki kwa ulegevu. Bomba lililobandikwa nayo halivujishi hewa, na kuna vinanda vimeshikwa nayo tangu kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Inafunguka kwa anayekuja na moto, maji na muda, kwa ajili ya kutengeneza. Asiye na subira hataifungua. Mchungaji alisema hiyo ni nzuri kwa mbao, bado anafikiri kuhusu ndoa. Nami bado nafikiri.

Nilisimama barazani mwezi wa nane. Nilikuwa nimebeba bomba lenyewe kwenye gunia, nikalitoa nikaliweka mezani, nikawaonyesha mdomo, alama za patasi, ufa uliojazwa gundi nyeupe. Nikasema kiangazi hakikulifanya hili. Nikaeleza siku, saa, na nilichomjibu mhazini. Kulikuwa kimya. Nilitarajia hasira au msamaha, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Nilichokipata ni mhazini kufungua daftari lake na kusema kwamba fedha za bomba la madini zilikwisha kutumwa wiki tatu zilizopita. Akataja kiasi. Yule mama wa kikundi cha wanawake akaguna, akahesabu kwa vidole, na nikajua anahesabu magunia.

Sijui neno la kuelezea hesabu ile. Msamaha ulitamkwa baadaye, mchungaji aliomba, tukashikana mikono. Lakini magunia yale hayakurudi, na walioyakosa hawakuwa barazani kunisamehe. Niliomba kulipa, wakakataa, nikaanza kulipa kidogo kidogo kupitia sadaka bila kuwaambia. Sasa nimewaambia hapa, kwa hiyo hata hilo nimeliharibu.

Kijana alitengeneza bomba lake. Sikugusa. Alichagua mninga uliokaushwa miaka minne kivulini, akauranda hadi ukawa mwembamba, akabandika kwa gundi ya sufuria ile. Mdomo aliukata chini kuliko kipimo cha daftari, ili abaki na nafasi, akawa anainua kwa kisu, anasikiliza, anaacha, anarudi kesho yake. Ilimchukua siku tisa. Lilipotamka lilitamka zito kidogo kuliko ndugu zake wa paini, sauti kama ya mtu aliyetoka kuamka. Mwalimu wa kwaya hakuipenda mwanzoni. Mpiga kinanda anaipenda, na anasema anaijua ile noti hata akifumba macho. Viangazi viwili vimepita juu yake sasa.

Bomba la madini nalo lilifika, zuri, linang'aa, limefungwa kwa karatasi laini. Limekaa kwenye kabati la sakristia pamoja na vinara vya akiba. Baraza bado halijaamua lifanyiwe nini, na kila agenda hiyo ikifikiwa ninatoka nje ili wazungumze kwa uhuru.

Lile nililoliharibu limetundikwa karakanani kwangu, juu ya mashine ya kukatia. Juzi mteja aliyekuja kwa ajili ya kitanda alilitazama akauliza ni mzinga wa nyuki wa namna gani. Nikamwambia ni bomba la kinanda, nililikata mdomo kupita kiasi. Akaulizia bei yake. Nikamwambia haliuzwi, akasema basi nitoe mdomo ule, nizibe, litamfaa kuhifadhia misumari.

Kijana alicheka hadi akaweka randa chini.